Motokari Inaondoka, Ingobyi Inabaki

Papa Administrata wetu, Papa shefu wa Burungu, Papa Léonard mukubwa wa shirika pamoja na wenzako muliotoka mbali, Papa padri, wamama wenzangu, na ninyi wanaume mulioketi karibu na mitungi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi: nawasalimu wote. Mimi ni Thacienne Mukankusi. Sikusoma, lakini wengi wenu niliwapokea siku mulipozaliwa, kwa hiyo hakuna wa kuninyamazisha.

Papa Léonard, shirika lenu lilitukuta baada ya vita, disipanseri iko na kuta tu. Mulituletea dawa, mukachoma watoto sindano ya surua, mukatupa Dada Adelaïde, muganga asiyechoka. Mukatupa na motokari ya kubeba wagonjwa. Kesho inarudi nanyi Goma. Nani hapa hana mutoto anayekimbia leo kwa sababu yenu?

Lakini kusifu mugeni bila kujikaripia ni uongo. Kabla ya motokari, kila mulima ulikuwa na ingobyi yake, ile machela ya mianzi, na kila nyumba ilitoa mabega. Tajiri ao masikini, mugonjwa alibebwa. Aliyekataa kubeba wenzake alileta kasiksi na kuomba radhi. La sivyo, siku yake ya kuugua hakuna aliyemugusa. Motokari ilipofika tulifanya nini? Papa Kanyamibwa, wewe mukubwa wa wabebaji, si ulianikia maharagi juu ya ingobyi?

Nilipokuuliza ulinicheka: "Mama, motokari iko. Mabega ya nini tena?"

Mvua ya mwezi wa nne ikaja, motokari ikakwama kwenye matope ya Kashebere, na Mukasine akashikwa na uchungu hapa Burungu. Mulisimama mbele ya nyumba yake, wanaume wa kuinua ng'ombe, munatazama barabara. Mukasine ndiye yule ameketi pale. Mutoto wake tulimuzika.

Je, ni kosa la shirika? Hapana. Mugeni akija kukusaidia kulima, unalima naye. Haumuachie jembe ukaenda kulala.

Sasa mujukuu wangu Vestine, huyu mwenye tumbo, atajifungua mwezi huu, na motokari haitakuwepo. Nimesuka ingobyi mupya. Iko hapa chini, mbele ya wageni. Kanyamibwa, usiangalie miguu yako. Nakupenda kama mutoto wangu, njo maana nakusema mbele ya watu. Sitaki ahadi, ahadi haibebe muntu. Nataka wanne wa kwanza, na wengine wa kuwapokea kwenye mupando wa mulima, na zamu zirudi kwa kila nyumba kama zamani. Papa Léonard aende akijua alichotushikisha hakikuanguka.

Asante shirika. Asante Dada Adelaïde unayebaki nasi. Vestine, mwanangu, lala ndani ya ingobyi. Usiogope, mimi sitaketi mpaka uinuliwe.

Asanteni kwa masikio muliyonipa. Sasa nangoja mabega.