Kitabu cha Dada na Mguu Wangu

Ndugu, majirani, na nyinyi mliosimama nje kwa kukosa viti, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu kwa kuwa ni mimi niliyemfuata kuzaliwa.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akaanza shule mwaka 1958, akafukuzwa mara mbili kwa sababu ya mdomo wake na kurudishwa mara mbili kwa sababu ya akili yake.

Mwaka 1972 aliajiriwa kufundisha shule ya msingi, na mwaka 1976 akatoa ile hadithi ya watoto ya Chechemea, mvulana mwenye mguu mfupi anayeanguka kila ukurasa huku wenzake wakimcheka, wengi wenu mlijifunzia kusoma humo, na wengi mliniita Chechemea barabarani, maana mguu ule ni huu wangu, dada hakuniomba ruhusa, nami sikusema kitu.

Aliolewa Juni 1979 na dereva wa treni, marehemu shemeji yetu, wakapata binti ambaye ni muuguzi na kijana ambaye ni fundi umeme.

Miaka mitatu iliyopita kitabu kilitakiwa kutoka upya, mhariri akaja nyumbani na nakala aliyoipunguza makali, akaeleza kwa upole kwamba shule hazikinunui tena, wazazi wanalalamika, na maneno yaliyochekesha zamani leo yanamliza mtoto aliyekaa dawati la nyuma, dada akazunguka sebule nzima akifungua na kufunga madirisha, akasema, "Wakitaka kitabu kingine, waandike chao!"

Kesho yake alikuja kwangu, akabaki mlangoni, akaniuliza kwa mara ya kwanza, "Hivi kilikuuma?" nikamjibu, "Miaka yote, dada," akasema, "Basi wafute," lakini nilipoisoma ile nakala nikamkuta mvulana ana miguu mizima, anakimbia vizuri, hakuna anayecheka, nikamwambia, "Sasa humu simo kabisa."

Toka hapo hakutulia, akawa anakiandika upya mwenyewe, leo Chechemea anawapiga waliomcheka, kesho anawasamehe, keshokutwa dada anachana vyote, na figo zilipoanza kumsumbua Agosti mwaka jana alihamia wodini na karatasi zake, akigombana na wauguzi wakizima taa, hadi alipofariki Jumanne iliyopita alfajiri, amefika pale mvulana anapoingia darasani akichechemea na wenzake wote wamegeuka kumtazama, basi, hajaandika walifanya nini.

Mhariri ameniuliza watoe kipi, nimemwambia cha zamani kibaki maktaba kama kilivyo, watu wajue tulivyokuwa tukicheka, na watoto wapewe hiki alichokiacha, kiishie hapo hapo darasani, mpwa wangu, yule binti yake, anasema nimekosea, huenda ni kweli, tangu juzi nabadilisha mawazo kila nikigeuka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mliotupikia na kulala nasi, walimu wenzake, na mhariri, aliyekuwa akimsomea wodini hata siku alizofukuzwa na dada.

Pumzika, dada, ubishi uliobaki tuachie sisi.