Daktari Mtondogoo na Siku za Kungoja

Kwanza naomba radhi. Makala haya mhariri wa jarida letu aliyataka yatoke pamoja na sherehe ya kuaga, na sherehe imeshapita, keki imeshaliwa, hata maputo yaliyonasa kwenye dari ya bwalo yameshanywea. Mwanangu alikuwa anaota meno, kisha sikio likamuuma, kisha nikakabidhiwa ufunguo ambao nitaueleza huko mbele. Kila aliyeniuliza makala yako wapi nilimjibu, "Bado." Anayeandikwa hapa atanielewa, maana neno hilo nimelitoa kwake.

Daktari wetu wa kuku alistaafu siku ya mwisho ya mwezi wa sita, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Aliikuta kampuni ina mabanda mawili na tangi moja linalovuja. Ameiacha na mabanda kumi na mawili, na tangi bado linavuja, ila hilo fundi bomba ndiye aulizwe.

Waliokuwepo siku alipofika wanasema mlinzi wa lango, alipoliona sanduku la sindano la Daktari, alikunja suruali hapo hapo akaonyesha goti. Daktari akaliangalia kwa heshima zote, akamwambia, "Kaka, mimi natibu wenye mabawa tu. Ukiota, nifuate." Mlinzi naye amestaafu, goti ni lile lile, na hao wawili hadi leo ni marafiki.

Jina la Mtondogoo alilipata kwa sababu ya namna yake ya kutaja siku. Wengi wetu tulioajiriwa tukiwa vijana tulijua kesho na keshokutwa, basi. Baada ya hapo ni "siku nyingine." Yeye alikuwa na kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, na alizitumia zote kama mtu mwenye vyombo vingi kabatini asiyetaka hata kimoja kishike vumbi. Ukimuuliza chanjo inakuja lini, mtondo. Mvua itakatika lini, mtondogoo, na akikosea anasema mvua ndiyo imekosea kuhesabu.

Kazi yake, kwa wenzetu wa ofisini wasiofika mabandani, ilikuwa kutibu na kungoja. Kutibu hakuna anayekugombeza. Kuku wakikohoa, dawa inawekwa kwenye maji, wanapona, kila mtu anafurahi. Kungoja ndiko kunakoleta maneno. Kuku amepona, anakula, ana uzito wake, mteja anapiga simu, na dawa bado haijatoka mwilini. Imo kwenye ini, imo kwenye figo, imo kwenye nyama yenyewe, inajitoa polepole. Ukimchinja kabla haijaisha, umemuuza pamoja na dawa yake, na aliyenunua hakuiomba. Kila dawa ina siku zake za kungoja, zimeandikwa ubavuni mwa chupa, na zinahesabiwa kuanzia dawa ya mwisho iliponywewa, sio ya kwanza. Hapo ndipo alipotushika masikio. Maji ya dawa yakibaki kwenye mabomba, alisema, hujaacha kutibu, umeacha kukumbuka tu.

Nilimuuliza siku moja ubaya uko wapi hasa, kwani dawa hizo si ndizo tunazokunywa hospitalini? Akaniambia, "Mama, mwanao ukimkemea kidogo kidogo kutwa nzima, atafanya nini?" Nikasema atazoea. "Basi vijidudu navyo ni watoto. Ukivionjesha dawa kidogo kidogo kwenye sahani, vinaizoea. Siku mtoto anaumwa kweli, dawa inasema na haisikilizwi." Nilirudi bandani kwangu, nikayakagua mabomba upya. Sijawahi kuelezwa jambo la kidaktari nikaliona nyumbani kwangu kama hilo.

Mpinzani wake wa kila siku alikuwa msimamizi wetu wa upakiaji, ambaye sote tunamwita Chapchap. Chapchap huleta kreti kabla hajaitwa.

"Daktari, hawa wameshapona, wanatuchungulia!"

"Bado."

"Mteja anangoja!"

"Mwambie asijione mpweke, tuko wengi."

Kisha anamalizia na methali yake aliyoikarabati mwenyewe: mvumilivu hula mbivu, mwenye haraka hula dawa. Chapchap naye hakosi jibu, husema haraka yake ndiyo inayowalisha wavumilivu. Tulikuwa tunaacha kazi tuwasikilize.

Lakini Daktari asionekane kama mtu wa kuzuia tu. Alipigania maranda makavu ya kutandaza bandani kama wengine wanavyopigania cheo. Alitufundisha kunusa banda tukiingia, kabla ya kuangalia. Pua ikichoma, ujue mapafu ya kuku yameshachomwa. Mwaka wake wa mwisho mabanda matano yalitoka kifaranga hadi kreti bila tone la antibiotiki, na pasipo na dawa hapana cha kungoja. Hilo ndilo alilojivunia. Na hapo bwaloni, kukiwa na harusi au ubatizo wa mtoto wa mwenzetu, alikuwa akiletewa sahani anamuuliza mpishi, "Huyu alikunywa dawa lini mara ya mwisho?" Mpishi mmoja alimnyang'anya sahani.

Mwanangu alipofikia umri wa kuonjeshwa nyama, nilimuuliza kama nimpe ya hapa kwetu. Akasema, "Ya hapa mpe bila wasiwasi. Nikishaondoka, niulize tena." Nilicheka siku ile.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwenye sherehe halikutajwa. Nimeomba ruhusa kwa wote wawili. Daktari amesema andika. Chapchap amesema, "Niandike, ila niandike nikiwa nimechana nywele."

Mwaka jana wakati wa mvua, banda la saba, ambalo ndilo ninalolihudumia, lilishikwa na kikohozi. Likatibiwa, likapona, mabomba yakasafishwa, tukawa tunangoja. Daktari akafiwa na dada yake. Yuko njiani kwenda mazikoni, Chapchap akampigia simu kumuuliza kuku wa banda la saba watoke lini. Akamjibu, "Mtondogoo."

Chapchap alilisikia neno zima, haikupotea hata herufi. Ila kichwani mwake mtondo na mtondogoo vilikuwa kitu kimoja. Ile "goo" ya mwisho aliiona ni mbwembwe za Daktari, kama mtu anavyovuta "saaana." Akahesabu kesho, keshokutwa, mtondo, akaleta lori. Mimi siku hiyo nilikuwa kliniki na mtoto. Niliporudi mlango uko wazi, maranda yana alama za miguu tu.

Machinjioni walichukua sampuli kama kawaida yao, wakakuta mabaki ya dawa yamezidi kiwango. Nyama yote ikazuiwa, kisha ikafukiwa shimoni. Wale kuku niliwapokea wakiwa wa kukaa kiganjani. Nilikuwa naziba nyufa kwa magunia wasipigwe na baridi huku mwanangu mwenyewe nimemwacha kwa jirani. Kuku hafugwi ili aishi milele, najua, lakini afugwe, achinjwe, halafu asilishe mtu hata mmoja? Sikuweza kuelezea nyumbani kwa nini nalia kwa ajili ya kuku.

Na kumbe ilikuwa imebaki siku moja.

Ofisi ilitaka kumshukia Chapchap. Daktari, akiwa bado na nguo za msiba, alikataa. Alisema daktari anayetaja siku kwa neno ambalo msikilizaji wake halijui, hajataja siku, ametoa sauti tu. Kosa aliliandikisha kwa jina lake mwenyewe. Kisha akaja bandani nikiwa naosha vyombo vya kunyweshea kuku, akachukua ufagio, akafagia upande wake hadi ukutani. "Mama, nimekuharibia kazi yako," akasema. Nilitaka kumjibu kwamba si kitu. Lakini kilikuwa kitu, na yeye asingependa nimdanganye.

Kuanzia hapo banda likipewa dawa, anafunga kitambaa chekundu kwenye komeo la mlango, na hakifunguliwi ila kwa mkono wake. Vitambaa hivyo vilikatwa kutoka kwenye pazia la mkewe, Shangazi yetu sote, ambaye alisema maisha yake yote hakujua madirisha yake yangekuja kuwa uchi kwa ajili ya kuku. Siku alianza kuzitaja kwa tarehe, tena mara mbili, na unazirudia mbele yake. Hakuna banda lililotoka kabla ya wakati tena.

Lakini mtondogoo hakuitamka tena. Wala mtondo. Ukimuuliza, anakwambia Jumanne, tarehe fulani, rudia. Nasi tukaacha kumwita jina lake, kwa sababu kila tukitaka kuliita tunaliona shimo. Tulipoteza banda zima la kuku, tukapoteza na utani wetu. Kuku tulishapata wengine.

Siku ya kumuaga, Chapchap ndiye aliyekuwa mshereheshaji. Alikuwa amejiandaa kumkaribisha kwa jina lile la zamani, alinidokeza asubuhi. Alisimama, akafungua mdomo, akasema, "Karibu, Daktari," akakaa. Daktari naye alishukuru kwa kifupi. Alisema anasikitika kuondoka kabla hajampokea wa kumrithi, kwa maana aliomba apatikane mapema afundishwe, na nafasi hiyo hadi naandika haina mtu. Kisha akanipa ufunguo wa kabati la dawa na vile vitambaa. Nilimwambia mimi si daktari. Akasema, "Kutibu atakuja kutibu daktari wa kuazima. Wewe kazi yako ni kungoja. Nimekuona unavyomnyima mwanao kitu huku analia, na humpigi, na humpi."

Daktari huyo wa kuazima huja Jumatatu. Wiki chache zilizopita alilipatia dawa banda la tatu. Nikafunga kitambaa. Wiki iliyofuata meneja akaja mwenyewe, na Chapchap nyuma yake na kreti tupu, kwani mteja mkubwa alikuwa amepungukiwa.

"Mama, hawa si wazima hawa?"

"Wazima, mkubwa. Bado tu."

"Zimebaki siku ngapi?"

"Nne."

"Siku nne zina nini jamani?"

"Moja ilimaliza banda la saba, mkubwa. Nne sijui."

Meneja alikiangalia kile kitambaa, akageuka. Hakunigombeza, lakini hakufurahi, na mteja yule amehamia kwingine, sitaficha. Siku hiyo sikujiona shujaa. Nilijiona mtu aliyemkasirisha bosi wake na ana mtoto wa kulisha. Alipoondoka, Chapchap akabaki anakuna kichwa.

"Sasa nilete lori lini, dada?"

Sikupanga kulisema. Lilitoka lenyewe. "Mtondogoo."

Chapchap akaweka kreti chini. Akanyoosha vidole vyake mbele ya uso wangu, akahesabu kwa sauti, kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo, akataja na tarehe, akasema, "Rudia na wewe." Nikarudia. Siku hiyo ndiyo lori lilikuja, na sampuli ilitoka safi. Jumapili yake nilimpa mwanangu nyama ya banda la tatu, nikamwangalia anavyotafuna na meno yake manne.

Daktari, yaliyobaki nakuambia wewe mwenyewe. Asante kwa miaka uliyosimama mlangoni ukituudhi. Asante kwa kufagia. Tunakuombea siku ndefu na Shangazi, usingizi usiokatwa na simu, na ukikaribishwa kuku kwa watu, ule bila kuwahoji.

Bado nahitaji niletewe vitu, nami navitaja hapa hadharani ili visisahaulike. Ofisi iniletee daktari wa kila siku, sio wa Jumatatu. Ilete na vile vipimo vya mabaki ya dawa tulivyoahidiwa, ili tujue kabla ya machinjio. Ilete kufuli jingine la kabati, hili linafunguka hata kwa kijiko. Shangazi naomba pazia la pili, kama lipo, maana vitambaa vimepauka na Chapchap ameanza kubisha kwamba rangi ya waridi si nyekundu. Wewe nahitaji uniletee ufunguo wa akiba, utafute kwenye mfuko wa ndani wa koti lako la mvua.

Uulete mwenyewe, tunywe chai. Usije kesho, kesho niko kliniki. Keshokutwa tunamwaga maranda mapya, utapaliwa na vumbi. Mtondo Chapchap anapakia, hutapata pa kukaa. Njoo mtondogoo. Siku hizi hapa kila mtu anajua ni lini.