Bi. Pascalia Ayuma na Plasta Juu ya Skrini

Leo, Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, Bi. Pascalia Ayuma anastaafu baada ya kukihudumia Chuo cha Wauguzi cha Mukhonje kwa miaka thelathini na mmoja, ishirini na sita kati ya hiyo akiwa mpigapicha wetu rasmi. Ratiba ilitaka wasifu huu uwe wa furaha, nasi tutajitahidi. Ila ofisi ya mawasiliano ina watu watatu tu, yeye, Onesmus Wekesa na mwandishi wa maneno haya, na sisi wawili tumekuwa tukimwonea wivu tangu tulipoajiriwa. Tunautaja wivu huo mapema ili usije ukajitokeza wenyewe katikati ya hotuba.

Alianza mwaka 1994 kama karani wa maktaba. Kazi yake ilikuwa kugonga mihuri kwenye vitabu na kunyamazisha wanafunzi, na ya pili ndiyo aliyoipenda. Mwaka 1999 mpigapicha aliyekuwepo alipata kazi Eldoret, akaiacha kamera ya filamu mezani kwa mkuu wa chuo. Mkuu akauliza ni nani anaweza kuishika. Bi. Pascalia akasema ni yeye, ilhali hakuwa ameshika kamera hata ya kuazima. Akapewa. Sisi tuliokuja baadaye tulihojiwa na jopo la watu wanne, mmoja wao akiwa amelala.

Kwa faida ya wageni, tueleze desturi yetu kidogo. Kila Septemba, darasa jipya huwashiwa taa. Saa moja jioni umeme unazimwa ukumbini, simu zinabaki mlangoni, na kila mwanafunzi anawasha mshumaa wake kutoka kwenye taa ya matroni kisha anakula kiapo. Hapo hupigwa picha moja ya darasa zima, nayo hutundikwa kwenye ujia wa kuingilia ukumbini, mahali tunapopaita Ukuta wa Taa. Wazazi wa Iguhu, Butali na Matungu wanapokuja hapa, husimama ukutani kwanza kabla ya kuuliza ofisi ya karo iko wapi. Nakala ya picha hiyo iko sebuleni kwao, juu ya televisheni, pamoja na kitambaa cha kufuma.

Picha hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Ukiwasha flashi, mwanga wa mishumaa unafutika, mapaji ya uso yanang'aa kama yamepakwa samli, na darasa zima linafanana na watu waliofumaniwa ghalani. Ukiizima, unabaki na giza. Bi. Pascalia aliizima. Aliegemeza viwiko kwenye mgongo wa kiti, akaacha kamera inywe mwanga polepole, na akangoja neno la mwisho la kiapo. Alikuwa amegundua kwamba mtu akishamaliza kuapa hutulia kidogo, kama anayejiuliza ameapa nini. Katika utulivu huo ndipo alipobonyeza. Na kabla ya hapo, alikuwa amepita mstari kwa mstari akishusha mishumaa kwa mkono wake mwenyewe: "Mshumaa kifuani, wewe msichana, si chini ya kidevu! Hapa hatupigi picha za wachawi."

Kamera ya dijitali ilipofika, mwaka 2006, chuo kizima kilishangilia ile skrini ya nyuma. Yeye hakushangilia. Jioni ya kwanza aliitazama mara moja, akaenda chumba cha mazoezi ya vidonda, akarudi na kipande cha plasta nyeupe, akaibandika juu ya skrini yote. Alisema katika giza skrini ni mwongo. Inawaka kama dirisha, macho yako yamezoea weusi wa ukumbi, basi kila kitu unakiona kizuri. Isitoshe, inakumulika wewe usoni, na wanafunzi wanaacha kuutazama mshumaa wanakutazama wewe. Plasta hiyo ilibanduliwa asubuhi tu. Tangu hapo hatujapata kununua kamera ambayo haikutibiwa hivyo.

Watu waliteseka. Picha ikishapigwa tu, mtu anamkimbilia Bi. Pascalia akimwita kwa jina la mwanawe: "Mama Wendy, nionyeshe!" Jibu lilikuwa moja kwa mwanafunzi, kwa mwalimu na kwa mjumbe wa bodi: "Njoo kesho mchana." Matroni Jepchirchir, ambaye hapa chuoni hakuna anayemkatalia jambo, alimbembeleza miaka mingi. "Dada, hata mimi?" "Wewe zaidi. Unapendanga kujiona." Kesho yake mchana Matroni alifika ofisini, akakaa mbele ya kompyuta, akajiona, akaenda zake akiwa ameridhika na amenyooka mgongo.

Tusiseme kwamba hakujua kutumia flashi. Picha za vitambulisho vyetu alizipiga kwenye ule ujia wa chini usio na dirisha, flashi ikiwa imefunikwa kwa kitambaa cha shashi cha kufungia vidonda, na ndiyo maana sisi wafanyakazi wa Mukhonje tunapendeza kwenye vitambulisho kuliko ana kwa ana. Na yupo mgeni wa heshima mmoja, jina tunalihifadhi, aliyekataa kuamini kwamba amepigwa picha. "Mama, hiyo kitu yako haijawaka. Umenipiga kweli?" Bi. Pascalia hakubishana. Siku ile aliendelea kupiga bila flashi kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akawa anairusha flashi nyingine isiyounganishwa na kamera, kaielekeza darini, mbali na kila mtu. Mgeni akatabasamu sana. "Ee! Sasa nimepigwa!" Ile ndiyo picha iliyotundikwa mapokezi mpaka leo, na mgeni mwenyewe husimulia jinsi flashi ilivyompendeza.

Kasoro anazo, na sisi ni mashahidi wake wa karibu. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kamera ile. Betri alizificha kwenye hotpoti ya chakula, chini ya obusuma, ule ugali wa kwetu, ili Onesmus asizione. Zikawa na joto kila adhuhuri. Sifa alizipenda na hakujifanya hazipendi. Wazazi walimletea ingokho, kuku wa heshima, wakiwa hai hadi ofisini, naye aliwafunga miguu mguuni pa meza yetu, tukaandika taarifa za habari huku wakitudonoa viatu. Hakuna mzazi aliyewahi kuleta hata yai kwa ajili ya taarifa ya habari. Anaondoka leo akiwa na vyumba vya kupangisha Shirere, magoti mazima, na macho yanayoona mbali. Wivu wetu, kama mnavyoona, una misingi.

Sasa tufike kwenye fremu ya mwaka 2016, ambayo ndiyo sababu ya mishumaa mliyopewa mlangoni.

Septemba ya mwaka ule Bi. Pascalia alikuwa Butali akimzika kaka yake. Onesmus alikuwa na miezi michache kazini, akaachiwa kamera, na alikuwa na flashi mpya kubwa kama birika. Alipoirusha mara ya kwanza, msichana wa mstari wa mbele aliangusha mshumaa, na Matroni akapaza sauti gizani: "We Onesmus! Zima hiyo radi!" Akaizima. Jambo ambalo hakulifanya ni kubadilisha kitu kingine chochote. Kamera ilikuwa bado imepangwa kwa mwanga wa radi, nayo sasa ilikuwa ikilishwa mishumaa. Lakini skrini, ambayo plasta yake alikuwa ameibandua na mwangaza wake ameupandisha hadi mwisho, ilimwonyesha dhahabu tupu. Akatuonyesha. Tukaona dhahabu. Matroni akaona dhahabu, akampiga bega. Darasa likamzunguka, likashangilia, na mpishi mkuu akamwekea paja la kuku. Mwandishi wa maneno haya alikula sukuma wiki.

Asubuhi picha ilifunguliwa kwenye kompyuta ya ofisi, dirisha likiwa wazi. Ilikuwa nyeusi. Kulikuwa na vitone vya njano vimepangwa mistari minne, basi. Onesmus aliongeza mwangaza mpaka weusi ukawa kijivu chenye chengachenga, na nyuso hazikutokea. Darasa lilikuwa limeshapakiwa kwenye basi kwenda mazoezi ya wodini, hospitali mbalimbali, na kiapo hakiapwi mara mbili.

Bi. Pascalia aliporudi kutoka matanga, aliitazama. Tulingoja amseme Onesmus. Wengine tulikuwa tumevuta viti. Hakumsema. Alichapisha ile picha nyeusi kwa ukubwa ule ule wa nyingine, akaitia fremu, akaitundika mahali pake. Mkuu wa chuo akamwita. Akamwambia inatuaibisha. "Inatuaibisha, ndiyo," akajibu. "Lakini hawa watoto waliapa hapa. Nikiwatoa ukutani, watakuwa wamesomea wapi?"

Kisha akaja mama yake Zeituni, mwanafunzi wa darasa lile, kutoka Matungu, amevaa vizuri, na mtandio mpya. Alikuwa amesafiri kwa ajili ya ukuta tu. Alisalimia, "Asalaam aleikum," akaisogelea fremu, akarudi nyuma, akaisogelea tena. Halafu akauliza kwa upole, bila ugomvi wowote: "Mwanangu ni mshumaa upi?"

Onesmus alikuwepo, na tunaamini angependa sakafu ifunguke. Bi. Pascalia alipiga simu wodini, akamtafuta Zeituni, akamuuliza alisimama wapi na kando ya nani. Akarudi, akaweka kidole. "Huyu hapa, dada. Mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto. Taa ni yake. Uso utakuja." Yule mama akaigusa ile njano kwa ncha ya kidole, akashukuru, akaondoka. Wiki hiyo hiyo Bi. Pascalia alibandika majina chini ya kila kitone, kwa plasta ile ile nyeupe. Na pembeni, kama ilivyo kwenye picha zote, akaandika jina la aliyepiga: O. Wekesa.

Onesmus amepita mbele ya jina hilo kila siku akielekea chai, kwa miaka karibu tisa. Ameomba liondolewe. Amejitolea kununua fremu tupu. Sisi tulimhurumia, ila tuseme ukweli wote: hata picha mbaya ya Onesmus iko ukutani, na ya mwandishi wa maneno haya haipo, si nzuri, si mbaya.

Mwezi uliopita kamati ya zawadi ilimuuliza Bi. Pascalia angependa nini. Walikuwa wamefikiria makochi. Akasema makochi anayo. "Niitieni lile darasa la 2016. Niliahidi mama wa watu uso." Basi kamati imefanya kazi ya kamati, ambayo si jambo la kila siku, na wahitimu wale wako nasi ukumbini, wamevaa sare za hospitali zao. Walio ng'ambo wametuma wazazi wawashikie mishumaa. Muuguzi Zeituni ametoka zamu Iguhu mchana huu. Mama yake ameketi mstari wa mbele, mkono wa kulia. Baada ya chakula umeme utazimwa, Matroni atawasha taa yake, na darasa litasimama mistari minne palepale liliposimama. Picha itakayopigwa ndiyo itakayoingia katika fremu ile.

Jambo moja la ziada aliamua Matroni, na safari hii hakukatalika. Katika picha zote za Ukuta wa Taa, Bi. Pascalia hayumo hata moja, kwa sababu iliyo wazi. Leo atasimama katikati, na mshumaa. Alibisha siku tatu. Alisema hajui aweke wapi mikono. Tulimwambia kifuani, si chini ya kidevu.

Ikabaki swali la nani apige. Tulikuwa wawili, na kila mmoja alijiandaa kwa heshima zote kusema kwamba hastahili. Ijumaa iliyopita Bi. Pascalia aliingia ofisini, akaitoa kamera begani, akampa Onesmus pamoja na bunda zima la plasta. "Hii fremu ni yako, mwanangu. Imalize." Kisha akatugeukia upande huu, akasema kuna wasifu unaotakiwa kuandikwa. Ndivyo Onesmus alivyopata kamera nasi tukapata kalamu, na tangu siku hiyo amekuwa akijifungia stoo kila jioni na mishumaa na viti vitupu. Wapishi walidhani ameanzisha kanisa.

Onesmus, tunajua unasikiliza ukiwa umesimama pale nyuma na kamera mkononi. Flashi izimwe. Badilisha na mipangilio mingine ya kamera. Viwiko kwenye kiti. Ngoja mpaka watulie. Mama wa Matungu amengoja zaidi yako. Na ukifaulu, ujue ofisini kuna mtu atakayekununia hadi Krismasi, na kununa huko ndiko kukupongeza.

Bi. Pascalia, Mama Wendy, dada yetu: asante kwa ukuta mzima. Asante kwa kutuonyesha kwamba giza halihitaji kupigwa radi ili lionekane. Asante hata kwa ingokho, ambao sauti zao zitatukosesha usingizi wa mchana kwa kutosikika. Nenda Shirere ukapumzike, wapangaji wakulipe kwa wakati, mvua ya jioni isikukute ukiwa umeanika, na miaka iliyo mbele yako ikutunze kama ulivyozitunza nyuso za watu.

Lakini tunakujua. Picha ikishapigwa usiku huu utatoka mstarini, utamwendea Onesmus, na utanyoosha mkono uonyeshwe. Skrini imeshabandikwa plasta, na ofisi nzima imekubaliana jibu. Kesho ni siku yako ya kwanza ya kustaafu. Kompyuta itakuwa imewashwa, dirisha litakuwa wazi, na kiti chako hakitakuwa na mtu.

Njoo kesho mchana.