Bi Ruhusa, Mlezi wa Tovuti ya Wacheza Dadu

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Bi Ruhusa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa pili wa karani wa posta na mshona nguo. Mama alikuwa akisema kwamba hata kuzaliwa alichelewa, kana kwamba alingoja kwanza aambiwe karibu. Mdogo wake wa mwisho, fundi majokofu, ndiye anayewasomea wasifu huu, na anaomba radhi mapema: amezoea kushughulika na mashine, na mashine haidai kusifiwa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni kuanzia 1975 hadi 1981, akaendelea na sekondari hadi 1985, kisha akajifunza uchapaji katika chuo cha ufundi. Hakuwa wa kwanza darasani wala hakushika mkia. Alijulikana kwa jambo moja tu: hakuwahi kuchukua kalamu ya mtu asiyekuwepo. Mwenye kalamu akitoka kwenda kunywa maji, yeye alikaa na karatasi yake tupu akimsubiri, mtihani ukiendelea.

Kuanzia 1988 hadi 2019 alifanya kazi katika duka la kutoa kopi na kujalidi vitabu, mkabala na mahakama. Wateja wake wa zamani waliopo hapa watakumbuka. Mtu aliingia na kitabu kizima, anataka kopi ishirini.

"Mwandishi wake yu hai?" dada yetu aliuliza.

"Mimi nitajuaje?"

"Basi kaulizie. Kwa leo nakutolea sura moja."

Tajiri wake alilalamika mpaka akachoka: "Mama, nimekuajiri ulete wateja au uwafukuze?" Lakini hakumwachisha kazi, maana kitabu alichokijalidi dada yetu hakikuchomoka ukurasa.

Hapo dukani ndipo alipokutana na mumewe, mwalimu wa hesabu, aliyekuja kunakilisha kitabu cha mchezo wa mezani. Kwa wasioujua: watu watano au sita huzunguka meza, mmoja anasimulia, wengine wanajifanya wapiganaji, waganga au wezi, na dadu ndiyo inayoamua kama umeruka ukuta au umevunjika mguu. Dada yetu alikataa kukinakili kitabu, ila alikubali kukiazima. Haikupita muda akawa ndiye msimulizi wa meza ya Jumamosi. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996. Shemeji amethibitisha kwamba alipomposa alijibiwa, "Nipe masharti yako, na mimi nikupe yangu." Walijaliwa binti mmoja, ambaye ni muuguzi.

Mwaka 2003 alifungua tovuti ya mashabiki wa mchezo huo, ili wachezaji waweke humo visa na ramani zao. Kabla ya kuifungua aliiandikia kampuni yenye mchezo kuomba ruhusa. Kampuni ilikubali kwa masharti: asitoze mtu chochote, asinakili maneno ya kitabu, asitumie picha wala nembo, na kila ukurasa useme wazi kwamba tovuti si ya kampuni. Aliyafuata masharti hayo kama mgonjwa anavyofuata dozi. Tovuti nyingine zilizobandika vitabu vizima zilifungwa moja baada ya nyingine. Yake ilibaki, ingawa wachezaji walimnung'unikia kila alipofuta kitu.

"Bi Ruhusa, hata kivuli cha joka kina mwenyewe?" kinyozi mmoja aliwahi kumuuliza.

"Kivuli cha joka la kitabuni kina mwenyewe. Chora joka lako, na kivuli kitakuwa chako."

Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Alipoona hali haiendi mbele, aliomba ruhusa ya tovuti ihamishiwe kwa wenzake wa mezani. Wakati huo kampuni ilikuwa na wakubwa wapya na sera mpya. Jibu lilikuwa la adabu na lilikuwa fupi: ruhusa ilitolewa kwa mtu mmoja, hairithiwi, na akifariki tovuti iondolewe. Humo mlikuwa na visa vya karibu miaka ishirini. Mlikuwa na ndugu wawili walioacha kusemezana nyumbani, wakapatana mezani wakiwa mazimwi. Vyote vilikuwa vizikwe pamoja naye.

Mdogo wake alimshauri vibaya. "Dada, nakili tu uwaachie watu. Nani atakufuata kaburini?"

"Watamfuata mwanangu. Na hata wasipomfuata, nitakuwa nimeiba."

Alimnunia wiki nzima. Mdogo wake aliumia, na hata leo, akiwa amesimama hapa, bado anaumia.

Alipoacha kununa, aliketi akaanza kuchambua visa vya tovuti, ili awaachie wachezaji mchezo mpya usio na kitu cha kampuni, kama mtu achambuaye mchele: hiki cha kampuni, hiki chetu. Miungu ilikuwa ya kampuni, ikaondoka. Nchi ya barafu nayo ikaondoka. Mlevi anayeuza ramani za uongo alikuwa wa kinyozi. Kinyozi alipigiwa simu, akakubali, mlevi akabaki. Fundi bomba mmoja alikataa katakata kumtoa mwizi wake, basi mwizi akafutwa bila kinyongo. Fundi bomba yupo nasi leo, na mwizi wake anaye. Kanuni za kuchezea alizitunga upya, neno kwa neno. Alitueleza kwamba namna ya kucheza haina mwenyewe, ila maneno yanayoieleza yana mwenyewe. Siku za kusafishwa damu alikuwa hoi, na bado aliandika.

Alifariki Jumanne tarehe 3 Septemba 2024 asubuhi, wodini, binti yake akiwa amemshika mkono. Mumewe ameifunga tovuti jana, kama masharti yanavyotaka. Mchezo mpya umekamilika.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, kaka mkubwa, mdogo wake, na wachezaji wa meza ya Jumamosi, ambao aliagiza watajwe pamoja na ndugu.

Limebaki jambo moja. Wiki yake ya mwisho, vidole vikiwa havimtii tena, alimwita mdogo wake ampigie chapa ukurasa wa kwanza wa mchezo, ule wa hakimiliki. Mdogo wake, akimjua dada yake, alijiandaa kwa masharti ya kurasa tatu.

"Andika," alisema. "Mchezo huu ni wenu. Nakilini, tafsirini, badilisheni, uzeni mkitaka. Msimwombe mtu ruhusa."

"Na wenye visa je, dada?"

"Wote nimewauliza."

"Haya, sasa masharti."

"Nimemaliza, mdogo wangu. Weka nukta."

Apumzike kwa amani. Amechoka kihalali.