Mwalimu Hironimus na Fomu ya Arusha

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Hironimus Luambano anatundika hatamu kwenye msumari wake kwa mara ya mwisho. Alianza Mei 1994 hapa kwenye kituo chetu cha kupanda farasi, Mshangano, siku ambazo tulikuwa na farasi wanne, banda moja la mabanzi, na watu wa Songea waliopita Jumapili baada ya misa kushangaa tu.

Kwenye faili kazi yake imeandikwa "mhudumu wa banda". Basi huyo mhudumu ndiye aliyemfundisha karibu kila mtu aliyewahi kupanda farasi hapa. Walimu wenye vyeti walikuja na buti zinazong'aa, wakaondoka nazo. Yeye alibaki na gambuti zake.

Mwanafunzi wake hashiki hatamu juma la kwanza, wala hakanyagi vikuku vya tandiko. Hironimus anashika kamba, farasi anamzunguka taratibu, na aliye juu anaimba chochote, cha kwaya au bongofleva. "Imba, mama," humwambia, "ukinyamaza na farasi naye anaogopa." Anayeimba anapumua, na anayepumua mgongo wake unalegea. Mama Kunegunda, muuza maharage wa sokoni, alimaliza nyimbo zote za Kwaresima kabla hajafumbua macho. Juma la tano alikwenda mbio za shoti, akimkemea Hironimus kwa Kingoni kwamba anamchelewesha.

Mimi ninayeandika, Lukresia Haule, nilianguka mwaka 2009 nikavunjika mtulinga. Nikaapa basi. Hakunibembeleza. Mfupa ulipounga alinipa brashi nimsugue farasi yuleyule aliyeniangusha, kila asubuhi, miezi miwili, mpaka siku moja nikajikuta nauliza tandiko liko wapi.

Mwaka 2014 ikaja nafasi moja ya mafunzo ya ualimu wa kupanda farasi, Arusha. Hironimus hakuuamini mwandiko wake, akaniomba nimjazie fomu. Penye "kazi" nikaandika kama faili linavyosema: mhudumu wa banda. Fomu ikarudi, walitaka mwalimu. Kituo kikanipendekeza mimi, niliyekuwa nimeanza kumsaidia kufundisha; nafasi ikawa yangu, na nilikwenda. Yeye ndiye aliyenisindikiza stendi na begi langu begani, na niliporudi akawa ananiita mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Mpaka leo sijui kama niliandika vile kwa uzembe au kwa tamaa, na hilo linaniuma kuliko mtulinga.

Tangu hapo vyeti vya watu aliowafundisha yeye vinatoka na saini yangu.

Mwezi huu nikapewa kujaza cheti chake cha kuagwa. Nikaandika "Mwalimu". Ofisi ikakirudisha na kuchapa kingine: "Mhudumu wa Banda Mwandamizi". Ndicho atakachokabidhiwa leo, pamoja na soda na makofi yetu. Nina hasira na ofisi, na nina hasira zaidi na mimi mwenyewe.

Ratiba hii ya kumuaga mnayoisoma, hata hivyo, nimeichapa mimi, na hakuna wa kuirudisha.

Kwa niaba ya wote uliotuondolea hofu, asante. Huko Mpitimbi unakokwenda kulima mahindi yakukubali, magoti yapone, na mkeo Mama Anjelika achelewe kukuchoka kwa kushinda nyumbani. Afya njema na siku nyingi, Mwalimu Hironimus. Neno hilo lilikuwa liandikwe kwenye fomu. Nisamehe.