Swali la Mama Amekuangalia

Aliyelala mbele yetu hakupenda kusubirisha watu, kwa hiyo wasifu wake hautakuwa mrefu. Alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, nyuma ya karakana ya baba yake, fundi seremala, huku randa ikiendelea kulia upande wa pili wa ukuta. Alikuwa kifungua mimba. Mdogo wake pekee, anayesoma maneno haya, alilelewa mgongoni kwake, na hata alipoota mvi aliendelea kuambiwa afunge vifungo vya shati.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1959, ng'ambo ya barabara, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1973 akahitimu uuguzi. Walimu walisifu mwandiko wake na kulalamikia maswali yake.

Baada ya kutumikia wodini aliteuliwa kuwa mkaguzi wa huduma za zahanati. Wenzake walianzia ofisini kwa daktari, penye kiti cha mto na chai. Yeye alijitupia mtandio kichwani, akaketi kwenye benchi la wagonjwa kama mtu mwenye homa zake. Kila mgonjwa aliyetoka kwa daktari, yeye alimuuliza, "Amekuangalia?" Akijibiwa kwamba dawa zimetolewa, hakubanduka: "Dawa nimeziona. Nauliza, amekuangalia wewe au ameangalia karatasi?" Swali likageuka jina lake. Mhudumu akimtambua, habari zilipita dirishani kwamba Mama Amekuangalia kafika, na ghafla madaktari wote wakainua vichwa. Zahanati ya mtaani kwake, iliyopakwa rangi mpya hadi mawe ya bustani, aliipa alama za chini, maana daktari wake kijana aliandika dawa kabla mgonjwa hajakaa. Mkubwa wake alipong'aka, alimjibu kwamba rangi haipimi homa.

Mume wake, fundi cherehani, alimpata kwenye benchi hilohilo. Alikuwa ametoka kutibiwa kidole kilichochomwa na sindano, akaulizwa lile swali. "Daktari, hapana," alijibu. "Ila wewe umeniangalia." Dada alinuna siku nzima, kwa sababu jibu hilo halikuwa na alama. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa mabinti wawili. Alipostaafu, swali halikustaafu. Ukirudi nyumbani kutoka kazini, sokoni, hata kwa kinyozi, ulikutana nalo mlangoni.

Mwaka juzi moyo wake ulianza kuchoka. Mabinti walitaka hospitali kubwa. Yeye akang'ang'ania zahanati ya mtaani, ileile ya rangi. "Niacheni nikaone kama yule daktari alinisikia," alisema. Mzee wake alikosa raha. Alimjua mkewe: kufa hakukumtisha kama kugeuzwa karatasi. Lakini daktari, sasa naye mwenye mvi, alimtambua tangu mlangoni, akasogeza kiti chake upande wa mgonjwa.

"Mama, leo nitapata ngapi?"

"Osha mikono kwanza, mwanangu."

Alipotoka, mzee alimpokea pale kwenye benchi. "Amekuangalia, mke wangu?"

"Ameniangalia," alisema, na machozi yakamtoka mbele za watu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Alifariki nyumbani, alfajiri ya tarehe 4 Februari 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, naye akimwangalia.

Juzi mzee alirudi kutoka kupima presha. Alisimama mlangoni, viatu bado miguuni, akingoja kuulizwa. Tulijaa sebuleni, na hakuna aliyemuuliza. Baadaye alivua viatu, akaingia ndani. Jamani, nyumba imepwaya. Tungetoa chochote tusikie swali lile mara moja tu, hata kwa kugombezwa.

Ameacha mume, mabinti wawili, wakwe, wajukuu watano, na mdogo wake huyu, ambaye leo amefunga vifungo vyote.

Apumzike kwa amani, na huko alikopokelewa, wamwangalie.