Lorelle Pascoe na Mlango wa Chumba cha Usingizi

Wengi hudhani hospitali ya watoto inatimiza ukarimu pindi inapobandika bendera ya upinde wa mvua pale mapokezi. Hilo ni kosa. Bendera ni salamu tu. Mgeni huipokea, kisha hungoja kuona kama atapewa kiti. Lorelle Pascoe, muuguzi mkuu wa wodi yetu ya upasuaji hapa Adelaide, anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba, baada ya miaka thelathini na minne ya kutoa viti.

Desturi yetu ni kwamba mzazi mmoja humsindikiza mtoto hadi chumba cha usingizi, anapotiwa dawa kabla ya upasuaji, na kumshika mkono mpaka alale. Majira fulani ya baridi aliletwa Kobi, wa miaka sita, kutolewa mafindofindo. Alikuja na mama zake wawili, Tamsin na Ngaire, naye akamng'ang'ania Ngaire. Mwenzetu mgeni kazini, kwa nia njema kabisa, akauliza, "Mama halisi ni yupi?"

Ngaire akauachia mkono wa mtoto. Kobi akalia, akakataa kupanda kitandani, na daktari wa usingizi akaanza kusema upasuaji uahirishwe.

Lorelle akachutama mbele ya Kobi, akamwonyesha Ngaire. "Bwana mdogo, huyu unamwitaje?"

"Mami."

"Basi Mami amechelewa kuvaa kofia ya kuingilia chumbani. Mpeni, ila si ile inayonibana mimi."

Tamsin alicheka huku akipangusa macho. Kobi alisinzia mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mami.

Aliyekuwa akisukuma kitanda ni mwanamume mwenzetu wa wodini, Fintan, ambaye kwa miaka mingi alimtaja mumewe kwetu kama "jamaa ninayeishi naye." Wiki iliyofuata alimleta kwenye chai ya saa nne, na keki za chokoleti na nazi alizozioka huyo mume mwenyewe. Lorelle akaonja moja, akamgeukia Fintan. "Umetuficha mpishi miaka yote hii? Dhambi yako ni hiyo tu."

Bado tunateleza, lakini siku hizi tunateleza tukiwa tumeelekea mbele.

Asante, Lorelle. Ustaafu wako uwe mrefu, na chai yako isipoe tena kwa kuitwa wodini.

Nasi tunaobaki: leo, kabla mtoto hajapita mlango ule wa chumba cha usingizi, tumuulize angependa nani amshike mkono, kisha tumpishe mtu huyo.